Kangaga Lisilo na Kazi

Nyumba za kale za Lamu zilifuga samaki kabla pampu ya umeme haijabuniwa. Ndani ya birika la chooni waliishi samaki wadogo ambao kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa liliwekwa bakuli la kauri la Kichina ili maji yakipungua wasije wakatapatapa. Kwa hiyo nilipoleta sebuleni tangi la kioo lenye taa, pampu na kangaga la Java, bibi alilizunguka polepole, akauliza, "Na hawa kazi yao ni ipi?"

Nikamwambia wanapendezesha nyumba. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa punda wote wa Lamu wamepewa likizo.

Kangaga hili asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na kwa kweli halina makuu. Taa kali halitaki, na maji yetu yanayochujwa na vilima vya mchanga vya Shela lilipokea bila nongwa. Sharti lake ni moja tu: kishina chake kinene kinachotambaa kisifukiwe, kitaoza. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au gogo, mizizi ikajishika yenyewe. Lakini waeleze watu wa nyumba kwamba kuna mmea usiopandwa! Kila nilipotoka, mtu mwenye huruma aliuzika mchangani. Shangazi alizika. Mtoto wa jirani alizika. Fundi aliyekuja kutengeneza mlango, ambaye hakuna aliyemwita upande wa tangi, naye alizika, tena akashindilia kwa kidole gumba.

Nikaagiza gogo la kulifungia. Muuza boriti akaniletea kisiki cha mkoko, akaapa kimelowekwa mpaka rangi yote imetoka. Kufikia magharibi maji yalikuwa chai ya rangi, na mgeni mmoja akauliza sukari iko wapi.

Kisha yakaja madoa. Jani likikomaa huota vidoa vya kahawia upande wa chini, vimejaa vumbi la uzazi, na majani makuukuu huchipua vitoto vyenye mizizi yao. Ni dalili ya afya. Shangazi akasema ni choa. Akachukua mkasi, akakata kila jani lenye "maradhi," akalitupa birikani lisije likaambukiza mengine.

Birika letu lina mwanga hafifu, na maji yake hayakai: kila anayeoga huchota kwa kata, kisha mwingine hujaza. Basi vile vitoto vikashika ukuta wa chokaa, vikasitawi hadi wageni wakawa wanatoka kuoga wakisifu. Tangini kumebaki vijani vitatu na taa.

Majirani sasa huja kuomba miche. Bibi huwagawia kwa ukarimu, akiwahakikishia kuwa ni dawa ya mbu. Nilipomwambia kwamba kangaga halili mbu, alinijibu bila kugeuka:

"La kwako ndilo lisilokula."