Jinsi ya Kutunza Bega Bovu Lisije Likapona

Kwanza, ishi mbali na mto. Mimi nilichagua Mwihoko, ambako maji huja kwa bauza na mitungi, na mto wa maana wa kupigia kafi ni Tana, kule Sagana. Safari yenyewe inatosha kumvunja mtu moyo kabla hajafunga mlango: boda hadi Githurai 45, kisha matatu hadi upite Thika, upite Makutano. Jina la mtaa wetu kwa Kikuyu lina maana ya tumaini. Usilitilie maanani.

Kisha jipatie jeraha linalofaa. Mkono uliovunjika ni hasara tupu: utafungwa plasta, wiki chache zitapita, na wenzako watakungoja mtoni. Chagua bega. Ndani yake kuna misuli minne midogo inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono kisichomoke, na kano zake hupata damu kidogo, kwa hivyo hupona polepole kama kesi ya shamba. Tena maumivu yake hayaonekani kwa nje. Nani atakupinga?

Ukishalipata, lilinde dhidi ya matibabu. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani ndiye aliyewafundisha wanamichezo, mwaka 1978, kupumzisha jeraha na kuliwekea barafu. Miongo mitatu na zaidi baadaye akageuka, akasema barafu na mapumziko ya kupindukia huenda yanachelewesha kupona. Sisi wazee wa kafi tumebaki na Mirkin wa 1978. Ukipelekwa kwa mtaalamu wa viungo, atakuambia kano hutaka kazi: funga blada kwenye kitasa cha mlango, uivute polepole kila siku, uongeze uzito kidogo kidogo. Itikia kwa adabu. Blada yangu imefunga gunia la makaa tangu Januari.

Jihadhari na mitungi. Jumatatu moja bauza ilifika, nami kwa furaha nikasahau ugonjwa wangu. Nilikuwa nimeshapanda ghorofa ya nne mara tano, na safari ya sita nikamkuta mke wangu mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, na bega?"

Mtungi wa lita 20 una kilo 20, na kayaki yangu ina uzito uo huo, kilo moja huku au kule. Mtungi ulikuwa umekaa juu ya bega lilelile la kulia. Niliutua taratibu, nikakunja uso, nikatoa mguno. Lakini mguno ulichelewa, akaucheka.

Epuka pia habari za watu wanaotuharibia jina. Birgit Fischer wa Ujerumani alichukua dhahabu yake ya nane ya Olimpiki huko Athens mwaka 2004, akiwa na miaka 42. Josefa Idem wa Italia aliingia fainali London mwaka 2012 akiwa na miaka 47, akamaliza wa tano. Ukitupiwa majina hayo, jibu kwamba hao walipiga kafi kwenye maji yaliyotulia. Ni kweli, ingawa haikusaidii.

Afadhali uomboleze Jinja. Huko Nile ndiko tulikojifunzia uhodari, na maporomoko ya Bujagali sasa yamelala chini ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Isimba nalo, mwaka 2019, likafunika mengine. Hiki ni kisingizio cha daraja la juu: huwezi kurudi ujanani kwa sababu ujana wako unazalisha megawati 250.

Sasa nikwambie lisilosemwa mbele ya mtaalamu wa viungo. Hamu ndiyo iliyotangulia kuondoka; bega lilifuata baadaye, kama shahidi aliyeitwa. Nilikuwa Sagana, nina miaka 49, nikipandisha kayaki kutoka ukingoni, kijana mmoja akaja mbio na kusema, "Guka, leta nikubebee." Aliniita babu kwa heshima kabisa. Nikampa. Usiku huo ndipo bega lilipoanza kuuma.

Siku hizi kayaki iko juu ya paa la ploti, na watoto hukaa ndani wakiendesha matatu. Kafi inainua kamba ya nguo isiguse chini.

Aprili mvua zilipokolea, Tana ikajaa, mwenzangu akapiga simu. Simu ilikuwa juu ya kabati. Nikanyoosha mkono wa kulia hadi mwisho, nikaishika, na hapakuuma popote. Nilisimama pale kidogo nikiuzungusha mkono, nikitafuta.

"Mzee, bega linaendeleaje?"

"Bega limepona," nikamwambia. "Lakini hili goti."

Akauliza lipi. Ikabidi nifikirie.