Hili ni Jiwe, Si Duara

Mama watoto anataka bustani ya mchicha. Si ombi kubwa. Wenzetu wa Lushoto wanamwaga mbegu leo, keshokutwa wanachuma. Hapa Bugarama unapiga jembe, jembe linalia ngaa, mkono unakufa ganzi hadi begani. Unasogea hatua moja: ngaa. Ukifukua kidogo unaona upara. Ukiendelea, upara unakuwa bichwa, bichwa linapata mabega, na jioni unaelewa kwamba siku ile uliponunua kiwanja uliuziwa jiwe, udongo ulikuwa nyongeza.

Majirani husema mawe ya huku yanaota. Laiti! Kinachoota kina mzizi, ungekata ukapumzika. Hili ni itale, mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na limekuwepo hapo kabla ya yeyote kufikiria mchicha. Maji yalipenya kwenye nyufa, kingo zikaoza zikawa udongo, katikati likabaki donge gumu. Sasa kila msimu wa mvua udongo unaburuzwa kwenda mbugani kwa wenye majaruba ya mpunga, na mimi naachiwa donge.

Ingekuwa kwingine, mtu angeng'oa jiwe lake akaenda kula ugali. Hapa shimo halichimbwi kimyakimya. Mgodi wa Bulyanhulu uko jirani, ulianza kutoa dhahabu chini kwa chini mwaka 2001, na baada ya yale makontena 277 ya makinikia, mchanga wa madini, yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam mwaka 2017, hakuna mtu huku anayekubali kwamba mchanga ni mchanga tu. Shimo lilipofika kiunoni, vichwa vikaanza kuchomoza juu ya ua wa minyaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Duara limetema dhahabu?"

"Litatema nini, kijana? Natoa jiwe."

"Haya, mzee. Tumeelewa." Akanikonyeza.

Kwetu ukisema huna kitu ndiyo umethibitisha unacho. Kabla jua halijazama vijana walikuwa wamejaa uani na moko, nyundo, mitarimbo, kamba na ndoo. Mgawo waliupanga wenyewe pale pale: mimi mwenye eneo fungu langu, wenye zana fungu lao, na bwana mmoja aliyekuja mikono mitupu akajiteua msimamizi. Nikawakumbusha Sheria ya Madini ya 2010, kwamba kiwanja changu lakini madini yaliyo chini yake si yangu, na bila leseni hayachimbwi hata yakiwa uvunguni mwa kitanda. Msimamizi akanituliza: leseni tutakata likishatema.

Haki yao niwape, uvivu hawana. Walibandua kona ya jiwe kwa moko, wakaitwanga kwenye kinu cha chuma hadi ikawa unga, wakachekecha kwa kitambaa, wakamimina kwenye karai na maji. Mwenye karai akawa analizungusha polepole, mchanga mwepesi ukimwagika ukingoni, vichwa vyote vimeinama hata mwanga ukakosa pa kupita. Chini kabisa kikabaki kitu kinachometameta. Mtu akasema "Yesu wangu." Mchimbaji mmoja mkongwe akakigusa kwa ukucha, kikachanika vipande vyembamba.

"Ulanga," akasema, akaosha vidole.

Uwanja ulikauka watu pale pale. Hata msimamizi alijiuzulu bila barua. Nikabaki na jiwe lenye pengo, shimo lenye upana wa kutosha kumzamisha ng'ombe, na mama watoto amesimama mlangoni na pakiti ya mbegu.

Nilipoanza kuulizia njia ya kulitoa, kila mtu alikuwa fundi. Wa baruti nikamkatalia mara moja: baruti inataka kibali, na nyumba yangu iko hatua chache. Wengine wakanishauri moto, kama wavunja kokoto wa Mwanza. Unawasha kuni juu ya itale kutwa nzima. Madini yaliyomo hayatanuki sawasawa, jiwe linabambuka magamba, kisha nyundo inamalizia. Ni kweli linapasuka. Ila bei ya kuni unaijua, na jirani yangu wa upande upepo unakoelekea alikuwa ameanika mashuka meupe. Kuna njia nyingine rahisi: kuchimba shimo refu zaidi kando yake, ukalisukumia humo na kulizika. Lakini nani Bugarama hii atathubutu kuchimba shimo refu zaidi?

Aliyenifaa ni mzee wa nyumba ya tatu. Alikuja na mtarimbo na kigoda; mtarimbo wangu, kigoda chake. Nyanyua upande mmoja kidogo tu, shindilia vijiwe na udongo chini yake, hamia upande wa pili, nyanyua tena, shindilia tena. Jiwe linajipandia lenyewe huku shimo linajaa. Anayekufa ni mgongo, na mgongo haukuwa wa mzee.

Limetoka, liko getini. Chini lilipokuwa, jembe limelia tena ngaa.

Basi mwenye kujenga asihangaike kununua mawe ya msingi. Kwangu yapo, bure, na mengine yanakuja. Njoo na mkokoteni wa ng'ombe na watu wa kunyanyua. Karai acha nyumbani.