Kengele na Enzi Zake

(Jumapili asubuhi, Kengeleni, Mombasa. Matatu zinapigania abiria. Kengele ya zamani ya kijiji cha Frere Town iko mnarani kando ya barabara. Spika ya kanisa la jirani imefungwa nje ya dirisha. Kunguru anatua juu ya mnara.)

KUNGURU: Shikamoo, Bibi Kengele.

KENGELE: Marahaba, mjukuu wangu, ingawa shikamoo za siku hizi ni za mbio mbio. Enzi zetu mtu akitoa salamu alisimama.

KUNGURU: Nami nimesimama, Bibi. Tena kichwani pako.

KENGELE: Ndiyo hayo ninayoyasema! Enzi zangu hakuna ndege aliyethubutu. Nikilia mara moja tu, kijiji kizima kiko mbioni. Leo nikitazama chini naona makanga wananing'inia milangoni wakiita, "Bamburi! Mtwapa!" Utukufu umeondoka.

KUNGURU: Hicho kijiji kilikuwa kinakimbilia nini?

KENGELE: Ibada.

KUNGURU: Kila mara?

KENGELE: Mara nyingine ilikuwa… ile nyingine.

KUNGURU: Ipi?

KENGELE: Majahazi ya wauza watumwa yakionekana, nililia ili watu wajihami. Wengi wao walikuwa wameshatekwa mara moja, wakakombolewa, na misheni ya CMS ikawapa makao hapa miaka ya 1870. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia saini mwaka 1873 kwamba biashara ile imekoma baharini. Wenye majahazi hawakuisoma hiyo karatasi.

KUNGURU: Kwa hiyo ukiomba enzi zile zirudi, na majahazi yarudi?

KENGELE: Mtoto una ulimi wewe! Naomba ibada tu.

KUNGURU: Kamba ilikuwa moja, Bibi.

KENGELE: Basi tuseme adabu. Watu wa Frere Town walikuwa na adabu.

KUNGURU: Waliipata wapi? Nimesikia habari za msimamizi wa misheni, mwanzoni mwa miaka ya 1880, aliyewacharaza watu viboko na kuwafungia ndani, mpaka malalamiko yakafika London. Mtu katoka kwenye minyororo, akapokewa kwa kiboko.

KENGELE: Hilo mimi silikumbuki.

KUNGURU: Najua. Ndiyo maana kumbukumbu zako ni tamu.

SPIKA: Moja, mbili. Moja, mbili. Mwache Bibi wa watu, Kunguru. Mimi namwelewa. Wokovu wa kweli ulikuwa miaka ya 90, mikutano ya injili uwanjani. Nikinguruma, watu wanalia machozi! Tangu korona ya 2020, mtu yuko kitandani na simu kifuani, anasema yuko ibadani.

KENGELE: Ala! Wewe uliyeninyamazisha mimi, leo nawe una enzi zako?

SPIKA: Enzi zile nilikuwa jukwaani mbele, Bibi. Sasa nimefungwa dirishani kwa waya.

KUNGURU: Hapo umesema kweli bila kukusudia. Hakuna kati yenu anayemlilia Mungu. Mnalilia pale mlipokuwa mmewekwa. Waisraeli nao jangwani walikumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri. Matofali hakuna aliyeyataja.

KENGELE: Nimewaona watakatifu kwa macho yangu, wewe unaniletea matango! Umesikia habari za William Jones? Aliokolewa utumwani, akalelewa India, akapewa ushemasi mwaka 1885. Mwaka huo huo Askofu Hannington akauawa Busoga. Jones ndiye aliyeurudisha msafara wa askofu hadi pwani, na mbele yao bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

KUNGURU: Na alikuwa na haki ya kulia, maana alikuwa amefiwa. Lakini utukufu ulikuwa umeondoka kweli? Mwaka 1896, miaka 11 tu baadaye, Apolo Kivebulaya kutoka Buganda alikuwa ameshafika Boga, Kongo, anahubiri. Ile ilikuwa bendera ya matanga, Bibi. Matanga yana siku ya kuanuliwa.

KENGELE: Kwa hiyo nisahau yote? Si tumeamriwa kukumbuka? Pasaka je? Meza ya Bwana je?

KUNGURU: Kumbuka, nani amekukataza? Lakini wale walioila Pasaka ya kwanza waliila wamevaa viatu, fimbo mkononi. Pasaka ilikuwa ya watu wanaoondoka. Wewe unakumbuka ili ubaki. Hata nyoka wa Musa aliwaponya watu jangwani, ni kweli. Wajukuu wakaanza kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande.

KENGELE: Yule nyoka si alikuwa wa shaba?

KUNGURU: Shaba.

KENGELE: Mimi pia ni shaba.

KUNGURU: Unadhani kwa nini nimemtaja?

SPIKA: Na wewe, mwenye maneno mengi, enzi zako ni zipi?

KUNGURU: Sina. Wazee wetu walitoka India, na hapa Pwani tunakumbukwa kwa kuwekewa sumu tu. Lakini tafuteni katika Maandiko: kunguru ndio waliompelekea Eliya mkate na nyama, asubuhi na jioni. Hawakumpelekea kiporo.

KENGELE: Haya, umenishinda. Nifanye nini basi?

KUNGURU: Kazi yako ya zamani, kwa mateka wa leo. Tazama hapo chini ya mnara.

KENGELE: Namwona kijana kalala juu ya katoni.

KUNGURU: Ni teja. Unga umemteka, na haukuja na jahazi. Dada yake yuko Ghuba, alipelekwa na wakala kwa ahadi ya mshahara mnono; pasipoti yake kaificha mwajiri.

KENGELE: Nao waumini wanajua?

KUNGURU: Asubuhi hii wamemruka wakienda kanisani. Mmoja alisimama, nikadhani atamwamsha. Kumbe anakupiga picha wewe.

KENGELE: Spika, mwanangu, mimi sauti yangu haifiki tena. Sema wewe.

SPIKA: Mimi? Kuhusu teja? Hilo halimo kwenye ratiba.

KENGELE: Majahazi nayo hayakuwamo kwenye ratiba.

SPIKA: Haya. Wapendwa katika Bwana, hapa nje kuna kijana anahitaji…

SAUTI KUTOKA KANISANI: Fundi mitambo, tuzimie hiyo spika ya nje, inatuchanganya. Tunaingia kipindi cha kuwakumbuka mashujaa wa imani waliowakomboa watumwa. Naomba wote tusimame kwa heshima.

KENGELE: Kunguru, umesikia?

KUNGURU: Nimesikia, Bibi. Acha niruke hadi sokoni nikamtafutie mkate. Ukoo wetu una uzoefu.