Gari Halina Nguvu, Mafundi Wanabahatisha

Mfyuuu! Jamani, hii hapana. Kijana wa watu ana IST ya mkataba, jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, gari limeanza kukosa nguvu, na gereji bubu za Mbagala zimemkamua mpaka kakonda. Wa kwanza kasema plagi. Zikabadilishwa. Wa pili kasema koili, dogo akakimbia Gerezani kutafuta za mtumba. Wa tatu pampu ya mafuta. Wa nne, tena huyu kavaa ovaroli safi, kasema gia boksi inateleza. Gia boksi, nyie! Na katika wote hao hakuna aliyepima kitu. Fundi anakisia, dereva analipa.

Hebu msikilizeni dereva mwenyewe kwanza. Asubuhi gari linatoka Rangi Tatu bila shida. Likishapata moto, akabeba abiria wa Kariakoo kwenda Uwanja wa Ndege, akifika Tazara kupanda Daraja la Mfugale anakanyaga mafuta hadi chini, mshale haupiti elfu tatu. Halistuki, halikati moto. Linakuwa zito tu, mtu unaona kabisa limekosa pumzi.

Basi jibu si liko humo humo! Injini inataka hewa iingie, petroli iingie, cheche ipige, halafu moshi utoke. Hizo tatu za mwanzo kila fundi anazijua. Ya nne wanaisahau, na moshi usipotoka, hewa mpya itaingilia wapi?

Najua wazee wa kahawa mtasema mafuta yamechakachuliwa. Sikatai kwamba mchezo huo ulikuwepo. Ndiyo maana EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuyachanganya kusiwe na faida. Lakini huyu dogo anajaza sheli tofauti kila siku, na gari linachoka pale pale likishapata moto. Msisingizie sheli.

Pampu nayo ina dalili zake. Gari lenye njaa ya petroli hustukastuka, hasa ukilikamua mlimani. Na hapo ndipo madereva wetu wanaponiumiza roho. Mafuta ya elfu kumi, taa ya njano inawaka, twende hivyo hivyo mpaka usiku! Pampu ya IST inakaa ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Ukiiacha juu juu kila siku, unaichoma mwenyewe. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu, funga geji kwenye njia ya mafuta. Injini ya IST hii, 1NZ, inataka presha ya paundi kama 44 hadi 50. Ikisoma hapo, pampu ni nzima, iache. Hii kazi ni ya dakika chache, na kijana aliyekaa VETA pale Chang'ombe akashika geji anaijua.

Sasa masega. Yale ya kwenye egzosi, yanayosafisha moshi. Kumpima huyu mgonjwa kunahitaji spana tu: fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, moshi upate pa kupumulia, kisha liendeshe kidogo. Litapiga kelele, ndiyo, lakini likipata nguvu ghafla umeshajua kilichoziba. Dogo alifanyiwa hivyo jana, gari likapaa. Baada ya pesa yote ile!

Na masega hayazibi yenyewe. Nimemuuliza, kasema kabla ya haya yote gari lilikuwa linamisi, taa ya injini inapepesa, akaambiwa aipuuze. Mfyuuu! Taa ikipepesa, maana yake kuna silinda haichomi. Petroli mbichi inapita hadi kwenye masega, inawakia humo, masega yanayeyuka. Koili moja mbovu imezaa gharama yote hii. Kwa hiyo fundi wa koili hakukosea kitu, ila alichelewa, na alipoona gari bado zito hakujiuliza kwa nini.

Kuna wanaomshauri ayang'oe masega, ayauze, abaki na bomba tupu. Wanunuzi wapo tele, maana ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kubwa. Mimi nakataa. Moshi ule unaingia vifuani mwa watoto wanaosubiri daladala hapo Zakhem. Afunge mengine mazima, yawe hata ya mtumba, ila kwanza ahakikishe silinda zote nne zinachoma na injini hailambi oili, maana oili nayo inayaziba.

Linaloniuma zaidi ni hesabu. Siku zote gari lilipokuwa limelala gereji, tajiri aliandika deni. Gari ni lake mpaka mkataba uishe, na uchakavu wa injini si kosa la anayeshika usukani. Kesho dogo aende kwake na masega yaliyoziba mkononi, aende na mtu mzima mmoja wa hapa kijiweni, wazifute siku hizo kwenye daftari mbele ya shahidi.