Jinsi ya Kuishi Salama Idara ya Mipango

Hongera kwa kupangiwa kituo. Sasa wewe ni afisa mipango wa halmashauri ya wilaya, una shahada yako ya Chuo cha Mipango Dodoma, na unaamini umeajiriwa kupanga. Imani hiyo haina madhara makubwa. Wengi huipoteza kabla robo ya kwanza haijaisha, na mwongozo huu utakusaidia uipoteze bila kumuudhi mkubwa yeyote.

Anza na salamu. Toa shikamoo kuanzia mlangoni, kwa kila aliyekuzidi umri au cheo, na ukiwa na shaka toa tu. Usimruke mama wa masijala. Mkurugenzi anaweza kusahau kwamba hukumsalimia; mama hasahau. Jalada linalotafutwa na kijana asiye na adabu huwa "limetoka", na hakuna mwanadamu anayejua limeelekea chumba gani.

Kisha jifunze dokezo, maana ndilo kazi yenyewe. Tuseme upepo umeezua paa la darasa. Mhandisi yuko chumba cha tatu kutoka kwako, ukikohoa anakusikia. Usimfuate. Andika dokezo kwa mkuu wa idara. Mkuu ataandika, "Mkurugenzi, kwa maelekezo yako." Mkurugenzi ataandika, "Mhandisi, tujadili." Mhandisi ataandika, "Nimeona. Mipango watoe maoni kuhusu kasma." Jalada litarudi mezani kwako na sahihi tatu nzuri, na watoto bado wanasomea juani. Toa maoni, malizia na "naomba kuwasilisha", lipeleke tena. Siku hizi kuna mfumo wa ofisi mtandao, na kwa kweli umeleta kasi: jalada linaweza kuzunguka vyumba vyote hivyo bila mtu kuinuka kitini, likarudi siku hiyohiyo bila uamuzi. Tahadhari: usiandike "nimeamua" mahali popote. Wakaguzi hulitafuta neno hilo kwanza.

Paa litashughulikiwa saa nne, wakati wa chai. Keti meza moja na mhandisi na mtu wa uhasibu, agiza chapati, litaje paa kama jambo ulilolisikia njiani. Kabla supu haijapoa, mabati yatakuwa yamepatikana. Baadaye rudini ofisini mkaandike kwenye jalada kana kwamba mmekubaliana huko. Chapati unalipa wewe, haina kasma.

Utatumwa vijijini. Njia yetu ya kupanga inaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, nayo inataka wananchi wenyewe waseme wanachohitaji. Watasema. Watataka zahanati, kisima na nyumba ya mwalimu. Andika yote, panga vipaumbele mbele yao, piga picha ya mkutano huku akina mama wakiwa safu ya mbele. Rudi ofisini usubiri ukomo wa bajeti. Vipaumbele hupanda kutoka kijijini, ukomo hushuka kutoka Hazina, na wewe umeajiriwa usimame pale vinapogongana. Hapo zahanati itageuka kuwa "ukamilishaji wa boma". Ukomo ukishushwa mara ya pili, ukamilishaji wa boma utageuka kuwa "ufuatiliaji na tathmini", yaani dizeli ya gari na posho ya kujikimu ya watu watakaokwenda kulitazama boma. Mwakani, kwenye mkutano wa kijiji hichohicho, mzee mmoja atasimama kuuliza zahanati yake imefikia wapi. Atakuwa ameandika kwenye daftari, pamoja na tarehe na jina lako. Mtume mwenzako.

Usiandike mpango mpya. Najua unatamani. Fungua wa mwaka jana, uhifadhi kwa jina jipya, ubadilishe miaka. Mwaka huu kuna kazi ya ziada kidogo, kwa kuwa Dira ya 2025 inaipisha Dira ya 2050, ambayo utekelezaji wake unaanza Julai 2026. Kwa hiyo utangulizi wote unahitaji 2050 pale palipokuwa na 2025. Usiiachie kompyuta ibadilishe yote kwa mkupuo. Utaomba likizo ya Desemba 2050, na mkuu ataidhinisha bila kusoma.

Kuhusu ratiba yako: usiwe nayo. Ofisi inayopanga maendeleo ya wilaya kwa miaka mitano mbele haijawahi kuipanga Alhamisi ikafika salama. Saa tano asubuhi utaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la idara: "Wakuu, mkoa unahitaji bangokitita la utekelezaji kabla ya saa nane leo." Kila mtu ameuona. Hakuna anayejibu. Ukimya huo si uvivu, ni uzoefu, kwa maana wa kwanza kuandika "nimepokea mkuu" ndiye mwenye bangokitita. Utaandika wewe. Kila mgeni huandika.

Dharura kubwa kuliko zote ina tarehe inayojulikana mapema. Mwenge wa Uhuru uliwashwa mara ya kwanza juu ya Kilimanjaro mwaka 1961, na mbio zake hufanyika kila mwaka, ila ukikaribia wilaya yako utapokewa kama mgeni asiyepiga hodi. Jengo lililolala tangu mkuu aliyepita litapakwa rangi usiku kucha kwa taa za gari. Mabomba yatatoa maji. Watu waliokuwa "safarini" tangu Januari wataonekana, tena wakiwa na makoleo. Kama huwa unajiuliza wilaya hii ingefanana vipi iwapo mipango yake ingetekelezwa, zunguka wiki hiyo, utajionea. Lakini Kiongozi wa mbio za Mwenge huwa anauliza nondo zilinunuliwa shilingi ngapi, na risiti iko wapi, na asiporidhika anakataa kuweka jiwe la msingi mbele ya umati. Swali likianza, simama nyuma ya mtu wa manunuzi. Yeye atakuwa tayari amesimama nyuma yako.

Mwisho kuna Juni. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30, na fedha ya mradi uliyoiomba tangu Septemba huwa na tabia ya kuingia siku chache kabla. Usishangilie. Piga simu kwa fundi, atakuambia yuko msibani. Piga kwa muuza saruji, atakuambia lile deni la mwaka jana kwanza. Ingia kwenye mfumo wa malipo, utakuta nchi nzima imeingia saa hiyohiyo na kiduara kinazunguka. Ikifika usiku wa 30 hujalipa, salio litaitwa bakaa, na barua ya kueleza imetokeaje itakuja kwa jina lako, nakala kwa mkuu wa mkoa.

Ijibu kwa utulivu. Halafu andaa taarifa ya robo ya nne. Utaona ina safu ya "Changamoto", na ndani yake pameshaandikwa "kuchelewa kupokelewa kwa fedha", kwa maandishi ya aina ambayo kompyuta mpya hazina. Pembeni kuna safu ya "Utatuzi". Hiyo pia imejazwa: "Kuendelea kufuatilia." Usiguse kitu. Weka sahihi, gonga mhuri, na uipeleke kabla ya saa nane.