Hodi Mlango wa 22

Kwetu ukipiga hodi unajibiwa "karibu", hata kama ugali wenyewe ni wa kugombania. Seva ya ofisi yetu, iliyopangishwa huko Ujerumani, haina ustaarabu huo. Mimi nipo Tabata na faili langu la picha, bando linakaribia kukata, na yenyewe inataka ufunguo kwanza.

Haya, ufunguo ninao. Safari hii anayekataa si seva, ni programu ya humu humu kwenye kompyuta yangu. Kikulacho ki nguoni mwako! Eti faili la ufunguo linaweza kusomwa na watumiaji wengine. Watumiaji gani? Kompyuta hii naiwasha mwenyewe na kuizima mwenyewe. Haisikii. Mpaka nilipe faili ruhusa namba 600, yaani lisomwe na mimi peke yangu, ndipo inyamaze.

"Mzee, ni kwa usalama wako," ananiambia kijana wetu wa IT, kisha ananipa somo ambalo sikuliomba. Kwamba FTP, njia ya kutuma faili iliyoanza mwaka 1971, ilikuwa inapitisha nywila mtandaoni wazi wazi, mwenye macho asome. Kwamba mwaka 1995 kuna mtu alitega mtego kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, akavuna nywila za watu, ndipo Tatu Ylönen wa chuo hicho akatunga SSH, inayofumba kila kitu njiani. Akaiombea mlango namba 22, katikati ya 21 wa FTP na 23 wa Telnet.

Nimeelewa. Sasa mbona siku ya kwanza kuunganishwa na seva, inanionyesha mlolongo wa herufi na tarakimu na kuniuliza kama naiamini? Utaratibu ni kuulinganisha na ule uliopewa na mwenye seva. Nikamwomba kijana anipe wa kulinganisha.

"Ah, mzee, we andika tu ndiyo."

Na mahali pa kuuliza, haiulizi. Ukituma kwa scp, amri ya kunakili faili kupitia SSH, ukasahau zile nukta mbili baada ya jina la seva, faili haliendi kokote. Linanakiliwa humo humo kwenye kompyuta yako, limebatizwa jina la seva, na programu imenyamaza kimya. Wewe unampigia mteja kumwambia kazi imeshapanda.

Sawa, ni usalama, tuvumilie. Ila juzi bosi, ambaye waraka wa usalama kausaini yeye, kaiomba nywila ya seva kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, ambalo hata mhasibu aliyeacha kazi bado yumo. Kijana wa IT kaituma chapchap. Bosi kashukuru, kisha kaibandika juu kabisa ya kundi, isije ikapotea.