Marehemu ni wa Sayari Gani?

Mwanamume akilia kwa sababu Yanga imefungwa, mjini hapa hakuna anayemshangaa. Atapewa maji ya baridi, atashikwa bega, na mashabiki wa Simba watamtania wiki nzima, lakini hakuna atakayeuliza kama akili zake zimo. Akilia siku anamwoza binti yake, watu watasema ana huruma yule baba. Sasa jaribu kulia kwa sababu ya kapteni wa chombo cha anga mwenye upara, katika tamthiliya ya Kimarekani iliyorushwa Juni 1992, uone kama utamaliza wiki bila kusomewa dua.

Mimi ni shabiki wa Star Trek. Sina haja ya kuficha, maana mtaani kwetu Temeke jambo hili lilishatangazwa, na mjumbe wa nyumba kumi analo kwa maandishi. Ndugu zangu wamejaribu kuniponya kwa maneno. Baba mdogo aliwahi kuniuliza mtu mzima mwenye watoto anatafuta nini kwenye sayari za uongo, wakati hata Kigamboni hajajenga. Nikamjibu kwamba hao watu walitujua zamani. Episodi ya kwanza kabisa kuonyeshwa, Septemba 1966, ina kiumbe anayejigeuza mwanamume na kumsemesha Luteni Uhura kwa Kiswahili, Kiswahili hiki hiki chetu. Mwaka uliofuata mtambo mmoja ukamfuta Uhura kumbukumbu, na wakati anafundishwa kusoma upya, akikwama anahamia kwenye Kiswahili. Baba mdogo alitafakari kidogo.

"Huyo kiumbe wa kwanza alikuwa anataka nini kwa huyo dada?"

Nikasema alikuwa anataka kumnyonya chumvi ya mwilini.

"Basi ni tapeli," akasema. "Matapeli wote huanza na lugha yako."

Tangu hapo sikujadiliana naye tena. Lakini ile iliyoniponza si hiyo ya chumvi. Iliyoniponza inaitwa "The Inner Light", ya msimu wa tano wa Star Trek: The Next Generation, na kama hujaiona nakuomba uendelee kusoma hivyo hivyo, maana episodi hii hata ukisimuliwa haiharibiki.

Haina vita wala adui, na mavazi yake yanaonekana wazi kuwa yameshonwa kwa bajeti. Kapteni Picard, anayeigizwa na Patrick Stewart, yuko kazini kwenye chombo chake. Linatokea lichombo lisilo na mtu ndani, linamulika mwali, kapteni chini. Anazinduka kwenye nyumba asiyoijua, mji wa Ressik, sayari ya Kataan, na kando yake yuko mwanamke anayemwambia kwamba alikuwa na homa kali, kwamba jina lake ni Kamin, kwamba kazi yake ni fundi wa kusuka chuma, na kwamba yeye ndiye mke wake. Mwanamke anaitwa Eline.

Hapo mwanamume wa pwani angetulia kwanza, akaomba chakula, maswali baadaye. Picard hakutulia. Anadai chombo chake, anatembea vilima kutafuta njia ya kurudi, na miaka mitano baadaye bado usiku anatoka na darubini kuangalia nyota, huku mke wa watu anamsubiri ndani. Eline anavumilia. Mwisho kapteni anasalimu amri. Anakuwa mume, wanapata mtoto wa kike na wa kiume, anajifunza kupiga filimbi, kwanza vibaya, kisha vizuri. Ukame unazidi, visima vinakauka, na watu wa Ressik wanamwagilia mti mmoja uwanjani kwa maji ambayo hawana.

Na katika ndoa yote hiyo ndefu, Eline ana ugomvi mmoja na mumewe: viatu. Bwana anavivua na kuviacha pale pale alipovivulia. Kapteni wa chombo cha anga, msomi, mpatanishi wa mataifa ya nyota, viatu vinamshinda! Eline anasema, anasema tena, anazeeka akisema. Halafu yuko kitandani, pumzi zinamwishia, mume kamshika mkono, na katika maneno machache aliyobakiwa nayo mama wa watu anamkumbusha aweke viatu vyake mahali pake.

Nimezika wajomba na machozi yangu yakakaa ndani. Hapo yalitoka.

Yangetoka kwa heshima kama si hedifoni. Ilikuwa baada ya isha, watoto wamelala, nikavaa hedifoni nisiwasumbue. Mwenye hedifoni anasikia filimbi ya Ressik, hasikii sauti yake mwenyewe. Mimi nilidhani ninavuta kamasi polepole. Nyumba yetu ni ya vyumba sita na korido moja, na korido nzima ilisikia mtu mzima akiomboleza.

Mke wangu alikuwa uani anakaanga samaki. Alifika na mwiko mkononi, mafuta yanadondoka.

"Kuna nini, baba watoto?"

Nikatoa hedifoni sikio moja. Koo limekaba. Nikasema maneno mawili: "Eline amefariki."

"Nani?"

"Mkewe."

"Mke wa nani?"

Hapo ndipo ningeeleza vizuri, lakini kilio kilikuwa bado hakijaisha, na kutoka chumba cha pili neno "amefariki" lilikuwa limeshasikika. Neno hilo kwenye nyumba yetu halisubiri jina. Redio ya mzee wa chumba cha mwanzo ikazimwa. Khanga zikafungwa viunoni. Mama ntilie wa mbele ya nyumba, mwanamke ambaye siku zote hanikopeshi, aliingia akanishika mikono yote miwili na kuniambia nijikaze, ndiyo dunia. Kijana wa bodaboda akatoa benchi nje bila kuambiwa. Sijui nani alimwita mjumbe, ila alifika na daftari la rambirambi, kalamu ikiwa imeshafunguliwa.

Katika watu wote hao, mwenye wakati mgumu alikuwa mke wangu. Kama marehemu ni ndugu yangu, ilimpasa aanze kulia. Kama marehemu ni mwanamke wangu, ilimpasa aanze jambo jingine. Alisimama mlangoni na mwiko wake akisubiri ushahidi.

Ushahidi ulitolewa na mzee. Alinikalisha, akanipa pole, akauliza kwa upole wa watu waliozika wengi: "Marehemu mnahusiana vipi, kijana?"

"Hatuhusiani, mzee. Namfahamu tu."

"Tangu lini?"

"Miaka mingi."

Mwiko ukahama mkono.

"Na amefia wapi?"

"Ressik."

"Ndiyo wapi huko?"

"Kataan."

"Mkoa gani?"

"Ni sayari, mzee."

Uani samaki walianza kuungua, harufu ikaingia, na hakuna aliyeinuka. Mjumbe alikuwa ameandika "Kataani" kwenye mstari wa mahali pa maziko, akasita. Akauliza kama maiti inasafirishwa. Ikanibidi niseme kweli yote, kwamba haiwezekani, kwamba jua lao lililipuka na kuteketeza sayari nzima, na kwamba hayo yalitokea miaka elfu moja iliyopita.

Mzee alizungusha tasbihi yake punje kadhaa.

"Miaka elfu," akasema. "Basi arobaini ilishapita."

Ningetegemea watu waondoke hapo. Mmoja alisonya, nakiri. Lakini chai ilikuwa imeshachemshwa na mtu tayari, benchi liko nje, na Mswahili akishakaa kwenye benchi na kikombe mkononi haondoki bila kujua mwisho wa habari. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeanza: "Sasa ikawaje, kaka?"

Nikawasimulia. Kwamba ukame ule haukuwa ukame, lilikuwa jua linajiandaa kulipuka, na wakubwa walijua. Kwamba hawakuwa na vyombo vya kuwahamisha watu. Kwa hiyo wakatengeneza kichombo kimoja kidogo, wakatia humo maisha yao, wakakirusha angani ili siku moja kimkute mtu asiyewajua, na mtu huyo awe shahidi kwamba walikuwepo. Kamin, sasa babu kikongwe mwenye mjukuu, anapelekwa kuangalia kikirushwa, haelewi ni nini. Ndipo marehemu wanamjia, rafiki yake na Eline, vijana kama zamani, wanamwambia kwamba kichombo kile ameshakiona. Kilimkuta yeye.

Anazinduka kwenye chombo chake. Ameishi Ressik kama miaka arobaini, amezaa, amezika. Anaambiwa zimepita kama dakika 25.

"Dakika 25!" alisema mama ntilie. "Maharage yangu hapo hata hayajachemka."

"Na watoto wale?" akauliza kijana wa bodaboda. Sikumjibu, na yeye hakuuliza tena. Aligeuka kuangalia pikipiki yake kwa muda ambao pikipiki ile haistahili.

Mzee alikuwa na hoja ya kisheria: je, kapteni yule ni mjane au si mjane? Mama wa chumba cha nne akasema mwanamume hana eda, asubuhi arudi kazini. Na kweli ndivyo ilivyokuwa, na hii ndiyo lawama yangu pekee kwa watunzi, Morgan Gendel na Peter Allan Fields: mtu amefiwa na familia, mji na dunia nzima, na episodi inayofuata yuko kazini anatoa amri. Hata ofisi zetu zenye roho ngumu zingempa siku tatu za msiba. Filimbi inarudi mwaka 1993 katika episodi ya "Lessons".

Mama ntilie ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote. Alitaka kujua ndani ya kile kichombo, mwisho wa yote, walikuta nini. Nikamwambia kisanduku, na ndani yake filimbi.

"Filimbi tu? Hawakutuma hata mbegu?"

Nimelifikiria sana swali hilo. Mbegu ingemfaa mkulima, na mkulima asingejua aliyeipanda kwanza alikuwa nani. Filimbi ile Picard anaichukua na vidole vinajua pa kukaa, kwa sababu alifundishwa na miaka yake mwenyewe huko Ressik. Anasimama dirishani peke yake, anapiga, na hakuna mtu mwingine popote anayeujua wimbo ule. Ukinikuta silii hapo, niangalie mapigo ya moyo.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 1993 episodi hii ilipewa tuzo ya Hugo, tuzo inayopigiwa kura na mashabiki wenyewe, yaani watu wa aina yangu, ila wao wana vyumba visivyotazamana. Na yule kijana anayemwigiza mtoto wa kiume wa Kamin anaitwa Daniel Stewart, mtoto wa kumzaa wa Patrick Stewart. Baba anapomtazama mwanawe kwenye kioo cha televisheni, macho yale hayakufundishwa na mwongozaji.

Watu walipotawanyika, mke wangu aliniamuru nimwonyeshe huyo Eline. Nikarudisha nyuma, tukaangalia bila hedifoni. Kifo hakikumliza. Alichoona yeye ni viatu.

"Mwanamke ana haki," akasema. "Miaka yote hiyo!"

Alizima mwenyewe. Nikamweleza, kwa kutafuta amani, kwamba filimbi yenyewe iliyotumika kwenye maigizo ilipigwa mnada na Christie's mjini New York mwaka 2006, ikanunuliwa kwa dola 48,000. Alinyamaza, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa shilingi. Hapo ndipo nilipomwona anafuta jicho.

Siku hizi nikivua viatu sebuleni hasemi "viatu". Anasema, "Eline anakuona." Watoto nao wameshika, na wageni wanadhani tumeajiri dada wa kazi.

Rambirambi ilileta mgogoro wake. Mjumbe alikuwa ameshapokea kwa watu kadhaa kabla sayari haijatajwa, na majina yao yameandikwa. Nilitaka kuzirudisha, mzee akakataa katakata: pesa ya msiba hairudi mlangoni ilikotoka, ni uchuro. Zikanunuliwa sukari, mkate na soda, zikaliwa na walewale waliozitoa. Kwenye daftari, mbele ya jina la marehemu, mjumbe aliandika "Bi. Eline, mke wa Kapteni", na mpaka leo hajalifuta kwa sababu ameshafunga hesabu.

Kwa hiyo nawatangazia majirani wa korido yetu, na wa nyumba ya nyuma ambao nasikia waliumia kwa kukosa chai: Ijumaa hii, baada ya isha, nitaangalia "The Visitor", ya Star Trek: Deep Space Nine, mwaka 1995. Ni habari ya kijana anayempoteza baba yake katika ajali chomboni, na baba si hai wala si maiti, anamtokea kwa dakika chache baada ya miaka, kisha anatoweka, na mtoto anazeeka akitafuta namna ya kumrudisha. Mkisikia chochote, ni hiyo. Mjumbe asije na daftari. Mama ntilie, kama unakuja, njoo na maandazi, na kaa mbali na mzee, maana ameniuliza mara mbili itaanza saa ngapi na sidhani kama ataweza kujizuia.